Nyuma ya Ukurasa: Sindano Katika Vitabu Vidogo vya Wasanii

Mdarizi akikabidhiwa kazi ya mwenzake, kwanza huigeuza. Ua lililoko mbele litamsubiri. Yeye anataka kuona mafundo yamefichwa wapi, uzi umeruka kutoka petali gani kwenda petali gani, na kama fundi alikuwa na haraka. Kwa kitambaa cha meza au foronya ukaguzi huo ni wa wajuzi tu, maana nyuma hulala juu ya mbao au juu ya mto na mgeni haioni. Kwa kitabu mambo hubadilika. Ukurasa hugeuzwa, na ukishageuzwa nyuma yake huwa ukurasa wa pili. Anayedarizi kitabu hana pa kufichia mafundo.

Vitabu vya namna hii vimeenea siku hizi: vidogo, vya mkono, nakala moja au chache, ambapo kitabu chenyewe ndicho kazi ya sanaa wala si chombo cha kubebea maandishi. Wasanii huvishona kwa bandi, kwa mnyororo, kwa msalaba, kwa viraka. Wanaoviandikia sifa huanza na subira ya msanii na kumalizia na uzuri wa rangi. Subira ni sifa ya kila mdarizi, hata wa foronya, kwa hiyo haitusaidii kutofautisha kazi na kazi. Swali linalonisaidia mimi ni hili: huyu amefanya nini na upande wa nyuma? Nikilipeleka swali hilo kwenye mila mbalimbali, napata majibu yasiyofanana hata kidogo.

Mwishoni mwa Desemba 1544, Elizabeth, binti wa Mfalme Henry VIII wa Uingereza, akiwa na umri wa miaka 11, alikamilisha zawadi ya mwaka mpya kwa mama yake wa kambo, Malkia Katherine Parr. Alikuwa ametafsiri kutoka Kifaransa shairi refu la toba la Marguerite wa Navarre, akalinakili kwa mwandiko wake, na kitabu kikavikwa jalada la darizi. Kipo hadi leo katika maktaba ya Bodleian, Oxford. Ni kitabu cha kushika kwa mkono mmoja. Uwanja wa jalada ni wa buluu, umejaa mishono hata kitambaa cha chini hakionekani. Juu yake nyuzi za dhahabu na fedha zimepitana kama ukili wa mkeka, katikati pana herufi K na P, na kila pembe ina ua dogo. Wasomi wamebishana kama ni vidole vya mtoto huyo vilivyoshika sindano. Desturi humpa yeye sifa hiyo, nami sioni sababu ya kumnyang'anya.

Jalada hilo halikuwa la kwanza. British Library ina zaburi ya kale ambayo jalada lake la kitani lilidariziwa miaka mia mbili na zaidi kabla ya Elizabeth: mbele Maria anapashwa habari na malaika, nyuma Yesu yuko msalabani. Katika karne ya 17 mtindo huu ulifika hata kwenye Biblia na zaburi ndogo za watu wenye uwezo, za mahameli na atlasi.

Sasa tazama ufundi wenyewe. Katika darizi ya dhahabu ya Ulaya uzi wa madini kwa kawaida haupitishwi ndani ya kitambaa. Hulazwa juu, kisha vishono vidogo vya hariri huubana kila baada ya nafasi fupi. Sababu ya kwanza ni mfuko: dhahabu ni ghali, na kila kipande kinachozama nyuma ni fedha iliyotupwa. Sababu ya pili ni kwamba uzi huo ni utepe mwembamba wa madini uliozungushwa juu ya hariri, na ukivutwa mara kwa mara kwenye tundu huchubuka. Kwa hiyo darizi ya dhahabu ni sanaa ya upande mmoja tangu kuzaliwa kwake, na jalada linaifaa sana. Nyuma yake hubandikwa kwenye ubao au karatasi ngumu, na mambo yamekwisha.

Hapo ndipo ninapoachana na wanaoyaita majalada hayo mababu wa vitabu vya darizi vya leo. Maneno ya Elizabeth yako ndani kwa wino, uzi uko nje, na katikati pana ubao. Sindano imekivisha kitabu nguo, tena nguo ya fahari, lakini haikuandika hata ukurasa mmoja.

Na haikuwa kwa kukosa ujuzi. Hans Holbein alipomchora Malkia Jane Seymour mwaka 1536 au 1537, katika picha iliyoko Vienna, alichora pia ncha za mikono ya nguo yake: kitambaa cheupe chenye nakshi nyeusi. Ncha ya mkono hukunjuka na kuonyesha mbele na nyuma kwa wakati mmoja, kwa hiyo ilihitaji darizi inayofanana kote kuwili. Njia yake ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya vizuri. Unapiga bandi safari ya kwenda, ukiacha nafasi zilizo sawa na mishono. Ukifika mwisho unarudi, ukijaza kila nafasi kupitia matundu yaleyale. Ukimaliza, mstari hauna nyuma. Mshono huo baadaye ukapewa jina la Holbein mwenyewe, kwa kuwa picha zake ziliuonyesha vizuri mno. Ulibaki kwenye kola na mikono ya nguo, hatua chache tu kutoka kwenye kitabu ambacho ungekifaa zaidi.

Wanawake wa Bengal waliufikia upande wa nyuma kwa njia nyingine, kwa kupitia nguo kuukuu. Sari na dhoti zilizolainika kwa kufuliwa hulazwa tabaka juu ya tabaka, zikashonwa zote pamoja kwa bandi ndogondogo, na nyuzi za rangi huchomolewa kwenye pindo za sari hizohizo. Kitu hicho ni kantha. Ipo ya kujifunika, ya kumlaza mtoto, na ipo ya kufungia vitabu. Zinazoheshimiwa kupita zote ni dorukha, zenye nyuso mbili: ukiigeuza, tembo na mti vipo vilevile, na mgeni hajui aanzie upande gani. Kwamba watu huisoma kantha kama kisa, mshairi Jasimuddin alilijua. Katika Nakshi Kanthar Math, aliyoitoa mwaka 1929, mke aliyeachwa peke yake anadarizi habari za mapenzi yao, kisha anaomba kantha hiyo itandikwe juu ya kaburi lake.

Tembo akigeuzwa hubaki tembo, anaelekea tu upande wa pili. Herufi hazina msamaha huo. Darizi neno MAMA kwa mshono wa pande mbili ulio safi kabisa, na nyuma patasomeka AMAM. Darizi BABA, na nyuma utapata michoro ya ajabu. Neno AMA kwa herufi kubwa hubaki AMA mbele na nyuma, na mdarizi mwenye utani angeweza kutunga kitabu kizima kwa maneno ya namna hiyo, ingawa kingekuwa kifupi. Kwa hiyo anayetaka kuandika kwa uzi hulazimika kuchagua: ashone kitambaa cha pili cha kufunika nyuma, aiache nyuma ionekane ilivyo, au aachane na kitabu adarizi kitambaa kimoja cha kutundika.

Elizabeth mwingine, wa tabaka la chini kabisa, alichagua hilo la mwisho. Elizabeth Parker alizaliwa mwaka 1813 kusini mwa Uingereza, akapelekwa utumishi wa nyumbani akiwa bado mtoto. Mnamo 1830 hivi alidarizi kwenye kitani, kwa uzi mwekundu, maungamo ya maisha yake: mateso mikononi mwa mwajiri, na fikra za kujiua. Kitambaa hicho kipo katika jumba la makumbusho la V&A, London. Hakina ua wala pambo la pembeni, ni makumi ya mistari tu. Anaanza kwa kusema hawezi kuandika, kisha anaandika na kuandika, hadi maneno yanakatika katikati ya sentensi. Mshono wake ni ule msalaba mdogo mwekundu ambao wasichana watumishi walifundishwa ili watie alama kwenye mashuka na taulo za matajiri wao. Chombo cha kuonyesha mali ni ya nani akakifanya hati ya nafsi yake. Ni kazi nzito kuliko jalada lolote la dhahabu, lakini bado ni ukurasa mmoja wa kusomwa ukiwa umesimama.

Kwa kitabu hasa, inabidi twende China.

Kusini mwa mkoa wa Hunan, katika wilaya ya Jiangyong, wanawake walikuwa na mwandiko wao, nüshu, wenye alama za silabi zilizo nyembamba na zilizoinama. Herufi za Kichina zilikuwa za wavulana. Wasichana walifundishana huu wao kwa wao, wakauandika kwenye karatasi na feni, wakaudarizi kwenye leso na mikanda. Msichana akiolewa aliondoka kwao kwenda kijiji cha mume, akaingia nyumba ambayo pengine hakumjua hata mtu mmoja. Siku ya tatu baada ya harusi aliletewa zawadi kutoka kwao, na miongoni mwake vilikuwamo vijitabu vilivyoshonwa kwa mkono, vyenye jalada la kitambaa. Kurasa chache za mwanzo zilijaa mashairi ya mama, dada na wale rafiki walioapiana udugu, wakimlilia na kumtakia heri. Kurasa zilizobaki, nazo zilikuwa nyingi, ziliachwa tupu. Humo aliandika ya kwake. Na humohumo, baina ya kurasa, aliweka nyuzi za rangi na vielelezo vya darizi vilivyokatwa kwa karatasi.

Hebu fikiri matumizi yake ya kila siku. Bibi harusi anatafuta hariri nyekundu ya kumalizia kiatu cha mtoto, anafungua kijitabu, na kabla hajaifikia hariri anapita kwenye maneno ya dada yake. Siku nyingine anataka maneno, na uzi unamwangukia mapajani. Hawezi kushona bila kusoma, wala kusoma bila kukumbuka kushona. Uzi haukuhitaji kutoboa karatasi ndipo kiwe kitabu cha sindano. Ulilala ndani yake, na nyuma ya kila ukurasa palikuwa ghala. Wasanii wengi wa leo wanaoshona vitabu hawajafika hapo, kwa sababu vitabu vyao hufunguliwa na watazamaji, tena kwa glovu nyeupe. Kile cha Jiangyong kilifunguliwa na mtu mwenye shughuli. Mwenyewe alipofariki, mara nyingi vijitabu vyake vilichomwa au vilizikwa pamoja naye, ndiyo maana vya zamani vilivyobaki ni vichache. Yang Huanyi, anayetajwa kuwa mwanamke wa mwisho aliyeupata mwandiko huo kwa kurithishwa na wanawake wenzake, alifariki mwaka 2004.

(Mkoa jirani wa Guizhou, wanawake wa jamii za Miao na Dong wana ndugu wa kitabu hicho: karatasi zilizokunjwa kuwa visanduku bapa, kimoja juu ya kingine, ndani ya jalada la kitambaa, za kutunzia nyuzi na vielelezo. Wafunga vitabu wa Marekani na Ulaya wameupenda sana mkunjo wake na kuuiga. Nyuzi, kwa kawaida, hawazitii.)

Nikirudi Ulaya na Marekani, wasanii wawili wananilazimisha kukaa nao. Louise Bourgeois alizaliwa Paris mwaka 1911 katika nyumba iliyokula kwa sindano. Wazazi wake walikarabati mazulia ya kutundika ukutani, na yeye tangu utotoni aliwachorea sehemu zilizokosekana, hasa miguu, kwa kuwa upande wa chini ndio huoza kwanza. Mwaka 1938 aliolewa na Mmarekani Robert Goldwater, akahamia New York. Mwaka 2002, akiwa na miaka 90, alitengeneza Ode à l'Oubli, utenzi wa kusahau. Kurasa zake ni taulo za kitani alizokuja nazo kama bibi harusi, nyingine bado zina herufi LBG za jina lake la ndoa. Juu yake alishona vipande vya magauni na mashuka ya maisha yake yote, vikawa miduara, mistari, na maumbo yanayokaribia kuwa mwili kisha yakaghairi.

Kwake yeye nyuma ya ukurasa ni zamani ya kitambaa. Kila kipande kilikuwa na kazi kabla ya kuwa ukurasa: kilivaliwa, kililaliwa, kilifutia mikono. Ndiyo sababu toleo la nakala 25 lililofuata mwaka 2004, kwa vitambaa vilivyotiwa rangi na kuchapwa upya, linanivutia nusu nusu. Ufundi wake hauna kasoro. Lakini gauni ambalo halikuvaliwa na mtu yeyote haliwezi kusema kilichosemwa na gauni la Bourgeois, na kazi nzima ilisimama juu ya hilo.

Maria Lai alizaliwa Ulassai, kijiji cha milimani huko Sardinia, Italia, mwaka 1919. Alisimulia kwamba utotoni alimtazama bibi yake akitia viraka kwenye mashuka na akaona hadithi kwenye zile nyuzi. Alisoma chuo cha sanaa Venice, akachora na kuchonga kwa miaka mingi kabla hajaugeukia uzi, na vitabu vyake vya kushona ndivyo vilivyomtambulisha. Ukikifungua kimoja unaona mistari iliyopangika kama maandishi kamili: ina aya, ina pambizo, ina mahali ambapo mwandishi kama amepumua. Hakuna herufi hata moja inayosomeka. Ncha za nyuzi hazikukatwa. Zinaning'inia nje ya kurasa, zimetatizana, na ukigeuza ukurasa unalazimika kuzisogeza kwa kidole. Ndiye huyohuyo ambaye mwaka 1981, alipoombwa na kijiji chake mnara wa kuwakumbuka waliokufa vitani, alileta badala yake utepe wa buluu wa kilomita 27, na wanakijiji wakaunganisha nyumba kwa nyumba hadi mlimani.

Ujanja wa Lai ni mkubwa kuliko unavyoonekana mara ya kwanza. Kwa kuondoa herufi ameondoa pia tatizo la AMAM. Maandishi yasiyosomeka mbele hayasomeki nyuma vilevile, kwa hiyo pande zote mbili zina haki sawa, na kitabu kinageuzwa kwa uhuru. Hakuna msanii wa uzi aliyelitatua fumbo hilo kwa wepesi kuliko yeye.

Hata hivyo nina neno nalo. Elizabeth Parker alilia kwamba hawezi kuandika. Wanawake wa Jiangyong walinyimwa herufi wakatunza zao. Ukiviweka vitabu vya Lai kando ya kazi hizo, kutosomeka kwake kunaonekana kama anasa ya mtu aliyekwisha kupita shuleni. Anaweza kuziacha herufi kwa sababu hakuna aliyemnyima. Simlaumu kwa hilo, lakini siwezi kulisahau, na kwa kipimo hicho nawaweka wale wa Jiangyong mbele yake.

Mmarekani Candace Hicks amechukua njia iliyo kinyume kabisa. Hudarizi madaftari ya shule, jalada la madoa meusi na meupe, mistari ya buluu na mwandiko wa mkono, yote kwa uzi. Katika mfululizo huo, alioupa jina Common Threads, anarekodi maneno na matukio yaliyojirudia kwa bahati katika vitabu alivyovisoma. Ni kazi ya kuchekesha kwa makusudi: kile ambacho kalamu ingekimaliza wakati wa kunywa chai, sindano imekila wiki na wiki. Naipenda, ila ukishaelewa mchezo huo umeelewa karibu kila kitu.

Na kwetu je? Uzi na maneno vimekutana zaidi ukutani na mezani. Shule za misheni, kama ile ya Mbweni, Unguja, alikofika mwalimu Caroline Thackeray mwaka 1877, ziliwafundisha wasichana kushona pamoja na kusoma. Vitambaa vya kumkaribisha mgeni kwa herufi za uzi bado vipo kwenye sebule nyingi kuanzia pwani hadi maziwa makuu. Kanga ina maneno makali zaidi, ila hayo huchapwa kiwandani. Kitabu tuliwaachia wenye kalamu, nao walikuwa mafundi wa kweli: Siyu, kisiwani Pate, katika karne za 18 na 19 walinakili misahafu yenye mapambo ya wino mweusi, mwekundu na wa manjano.

Visiwa hivyohivyo vinajua kitu ambacho Holbein, Bengal na Sardinia hawakukitumia kwenye kitabu. Chukua kofia ya vito. Fundi huchora nakshi kwa penseli juu ya kitambaa cheupe cha tabaka mbili, hutoboa tundu, kisha huzungushia uzi ukingo wake, mshono kando ya mshono, hadi linakuwa jicho dogo gumu lisilofumuka. Anaendelea hivyo kwa mamia ya macho, ndiyo vito vyenyewe, na kofia moja inaweza kula wiki kadhaa, wakati mwingine miezi. Ishike dhidi ya dirisha. Nakshi unayoiona ni mwanga wenyewe, na ni ileile ukiitazama kwa ndani au kwa nje, kwa sababu tundu halina nyuma. Weka ukurasa wa namna hiyo juu ya mwingine wa rangi nyekundu, na wekundu utachungulia kupitia vito. Fungua, na kwenye ukurasa uliogeuzwa vito hivyohivyo vitaonyesha rangi ya ule uliotangulia. Sisemi msahafu utobolewe, hasha. Nasema mbinu ya kitabu tunayo, imekaa vichwani mwa wanaume.

Kwa hiyo wasanii wa Unguja, Lamu, Mombasa na Dar es Salaam wanaotaka kushona vitabu wasianze kwa kuiga Ulassai au New York. Waende kwa wanawake wanaodarizi kofia majumbani, na wawalipe bei nzuri kuliko mchuuzi. Vipande vitatu vya bafta vya ukubwa wa viganja viwili, vikikunjwa katikati na kuingizwa kimoja ndani ya kingine, vinatoa kurasa 12. Vito vitobolewe na kushonwa kabla ya kukunja. Mgongo ushonwe kwa mnyororo, bila gundi, kama Wahabeshi wanavyoshona vitabu vyao vya ngozi. Na jina la mdarizi liwe ukurasa wa kwanza, juu ya jina la msanii.